Ukidanganywa Fedha Yako kwa Simu, Uende kwa Nani?

Msimu wa kuuza mazao ukifika, simu za vijijini hazitulii. Huyu apigiwa na mnunuzi wa ufuta, yule apelekewa fedha na mwanawe aliye mjini, na mwingine ataka kulipa karo ya mtoto kabla shule haijafunguliwa. Fedha iliyokuwa ikifungwa katika pindo la kanga au kufukiwa chini ya kitanda, siku hizi yakaa ndani ya simu, nayo hutoka Dar es Salaam ikafika Tunduru kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hapana mtu awezaye kukana kwamba hii ni faida kubwa. Lakini wezi nao wameijua njia hiyo, na kila msimu wako watu wanaopoteza mavuno ya mwaka mzima kwa maneno machache yaliyoandikwa na mtu wasiyemjua. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze leo namna wezi hao wafanyavyo kazi yao, na mtu mwenye shaka, au aliyekwisha ibiwa, aende kuuliza na kushitaki wapi.

Ujumbe mmoja wajulikana karibu na kila mwenye simu. Husema kwamba ile hela itumwe kwa namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Hapana salamu, wala jina la mwandishi, wala kiasi cha fedha. Mtu aweza kustaajabu na kuuliza, ni nani huyo awezaye kutuma fedha yake kwa maneno kama hayo? Jibu ni kwamba mwizi hamjui amwandikiaye, wala hana haja ya kumjua. Maneno yale yale ameyapeleka kwa namba nyingi zinazofuatana, mia kwa mia. Walio wengi watacheka na kuyafuta. Lakini katika wengi hao hakosi kuwamo mtu mmoja ambaye asubuhi ile alipatana na mwenye trekta kwamba atamlipa Sh. 400,000 za kulimiwa, naye anangoja apewe namba. Simu yalia, ujumbe waingia, naye aona ndiyo ile namba aliyoahidiwa. Mtu huyo si mjinga hata kidogo. Ni mtu mwaminifu atakaye kulipa deni lake kwa wakati, na uaminifu wake ndio uliomponza.

Tazameni sasa ujanja ulio katika yale maneno ya mwisho, kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Mtu atumapo fedha kwa simu, kabla hajatia namba yake ya siri huonyeshwa jina la mtu aliyeisajili ile namba ya mpokeaji. Hiyo ndiyo ngao kubwa ya mtumaji, maana akiona jina geni atasita. Mwizi analijua jambo hilo, kwa hiyo amtangulia kwa kumwambia mapema kwamba jina litakuwa geni, ili alionapo asishituke, bali aseme moyoni, “Naam, ndivyo nilivyoambiwa.” Basi ujumbe wo wote unaokutayarisha upokee jina usilolijua, uutilie shaka kwa sababu hiyo hiyo. Piga simu kwa mwenye trekta kwa ile namba yake ya zamani, usikie sauti yake, ndipo utume. Gharama ya simu hiyo ni ndogo mno.

Namna ya pili ni ya mtu apigaye akajidai kuwa ni mtumishi wa kampuni ya simu. Sauti yake ni ya upole, tena ana haraka. Asema laini yako itafungwa leo, au umepata zawadi, au kuna makosa katika usajili wako, na ili arekebishe ataka umtajie namba ya siri, au ubonyeze tarakimu atakazokusomea. Yapasa ijulikane kwamba makampuni ya simu katika Tanzania humpigia mteja kwa namba 100 peke yake. Jambo hili lilitangazwa sana katika kampeni iliyoanzishwa mwaka 2024 kwa jina la “Sitapeliki”, ambayo Wizara ya mawasiliano, Mamlaka ya Mawasiliano, Polisi na makampuni ya simu walishirikiana. Mtu akikupigia kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi na kusema yeye ni wa kampuni, amekwisha jifichua mwenyewe. Na hata ikiwa ni 100, mtumishi wa kweli hana kazi na namba yako ya siri.

Tatu ni ya mtu asemaye amekosea kutuma. Kwanza waingia ujumbe uliofanana kabisa na ule wa kampuni, kwamba umepokea Sh. 85,000. Mara simu yalia, na mtu mwenye sauti ya kilio akusihi umrudishie, kwani ile ilikuwa fedha ya dawa ya mama yake. Wengi huona huruma wakarudisha kutoka katika salio lao wenyewe, kumbe hakuna kilichoingia. Ujumbe ule ulitoka katika simu ya yule mwizi, naye aliuandika kwa mkono wake. Dawa yake ni kutazama salio kabla ya neno jingine lo lote. Na ikiwa fedha imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Mwambie apige 100, kampuni ndiyo itakayoirudisha kwa taratibu zake.

Nne, nayo ni mbaya kuliko zote, ni ya mtu ajifanyaye mwalimu au mganga wa hospitali. Apigia mzazi na kusema mtoto ameanguka shuleni, yu katika hali mbaya, na dawa haitatolewa mpaka fedha ije. Mzazi gani atangoja kupeleleza? Lakini hata hapo yafaa kukata simu na kumpigia mwalimu mkuu kwa namba uliyopewa siku ulipompeleka mtoto. Ikiwa huna namba hiyo, ichukue mara utakapofika shuleni, uiandike pia katika daftari nyumbani, kwani simu hupotea.

Msidhani ya kuwa wezi hawa wakaa mijini tu. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha mikoa ya Rukwa na Morogoro ikiongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu yaliyogunduliwa. Hatusemi haya kwa kuwaaibisha watu wa mikoa hiyo, ambao walio wengi ni wakulima wema na wenyewe huibiwa kama wengine. Twasema ili mtu asiamini sauti kwa sababu tu ina lafudhi ya nyumbani.

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Mtu amekwisha tuma, na baada ya dakika chache mwenye trekta wa kweli apiga simu kuuliza malipo yake. Afanye nini?

Kwanza asikae chini kuomboleza, wala asianze kumpigia mwizi kumtukana. Apige 100 palepale. Kampuni yaweza kuizuia fedha ikiwa bado imo katika laini ya mwizi, lakini ikiwa amekwisha itoa kwa wakala, kampuni haina cha kuzuia. Wezi wanalijua hili, na kwa kawaida hutoa upesi. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza ina thamani kuliko siku nzima ya kesho. Twasema kweli wala hatupambi: fedha iliyokwisha tolewa ni shida kuirudisha, na mtu akuahidiye kukurudishia kwa malipo kidogo, labda naye ni mwizi wa pili aliyesikia habari zako.

Kisha ajulishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ndiyo inayosimamia makampuni yote ya simu. Namba ya kupelekea habari hizi ni 15040. Upelekee ule ujumbe wa ulaghai pamoja na namba ya simu iliyouleta. Halipwi kitu, wala hapana haja ya kuwa na salio. Hata mtu ambaye hakuibiwa, bali ameupata ujumbe tu na kuutambua, yafaa aupeleke. Wengi huufuta wakajisifu kwamba wao hawadanganyiki, huku namba ile ile ikiendelea kumwandikia jirani yao. Namba iliyoripotiwa ikahakikiwa hufungiwa, na mwizi hana budi kutafuta laini nyingine.

Tatu aende kituo cha polisi. Hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba akiisha piga 100 kazi imekwisha. Kila mmoja ana kazi yake: kampuni huzuia fedha, Mamlaka hufungia namba, lakini kumtafuta mtu mwenyewe na kumfikisha mahakamani ni kazi ya Polisi. Wizi huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kituoni utaandikiwa RB, yaani namba ya shauri lako katika kitabu cha taarifa, na namba hiyo uitunze, kwa maana kampuni au benki yaweza kuitaka kabla ya kutoa habari za mwenye laini. Kuandikiwa RB hakulipiwi. Chukua kitambulisho, simu yenyewe yenye ujumbe usiofutwa, na ule ujumbe wa kampuni uonyeshao saa, kiasi, na namba ya muamala. Mtu aliyefuta kila kitu kwa hasira huenda kituoni na hadithi tupu.

Liko jambo jingine linalowazuia watu, nalo ni aibu. Mzee aliyeheshimiwa kijijini hapendi ijulikane kwamba kijana asiyemwona alimdanganya. Basi anyamaza, hata mkewe hamwambii, na deni la trekta lakaa pale pale. Tumesikia habari za watu waliouza mbuzi wao kwa siri ili kuficha jambo hili. Lakini wezi hawa wamewadanganya waalimu, makarani, na hata mawakala wa fedha ambao kazi yao ni hiyo hiyo kutwa. Katika kituo cha polisi hutakuwa mtu wa kwanza.

Labda mtu atauliza, ikiwa kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole, mwizi hupataje laini isiyo yake? Usajili huo ulianza tarehe 1 Mei 2019, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Ni kweli kila laini ina jina. Ila jina hilo laweza kuwa lako wewe. Mtu huenda kusajili laini kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli, akaambiwa abonyeze kidole, kisha akaambiwa, “Mtandao umekataa, bonyeza tena.” Mara ya pili ile yaweza kuwa usajili wa laini nyingine, ambayo mwenye kidole hataiona kamwe, nayo itauzwa kwa wezi. Siku polisi watakapoifuata namba, jina litakalotokea ni la mkulima asiyejua lo lote.

Kwa kujikinga, piga *106# katika simu yako. Huko utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa, katika mtandao wako na katika mitandao mingine. Ukikuta namba usiyoitambua, iripoti kwa kampuni iondolewe. Kazi hii ni ya dakika mbili, na twaona ingefaa kila mtu aifanye mara kwa mara, hasa wazee ambao husajiliwa laini na wajukuu wao.

Tusiache kueleza ulaghai wa vyama vya kupanda fedha. Mwaka 2009 Serikali ilikizuia chama kilichoitwa DECI, ambacho watu wengi walikitolea akiba zao. Fedha iliyotolewa iliitwa mbegu, na mtu aliambiwa kwamba baada ya muda atavuna zaidi ya alichopanda. Viongozi wake walishitakiwa kwa kuendesha upatu na kwa kupokea amana za watu bila leseni, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi yao. Tangu hapo vyama vya namna hiyo vimezaliwa tena na tena kwa majina mengine, na siku hizi hupitia katika simu.

Si kila mchezo wa fedha ni ulaghai. Wanawake kumi wanaotoa Sh. 10,000 kila juma, na kila juma mmoja wao akapokea zote, hawamdanganyi mtu: kila mmoja atapata jumla ile ile aliyoitoa, na wote wajuana. Ubaya waanza pale mtu aahidiwapo zaidi ya alichotoa, na ziada hiyo haitoki katika shamba wala duka, bali katika mifuko ya watu wapya. Tufanye hesabu. Watu 10 wameanza, na ili kila mmoja alipwe maradufu, kila duru lazima idadi ya watu iwe mara mbili ya ile iliyotangulia. Baada ya duru 10 watatakiwa watu 10,240, yaani kata nzima au zaidi. Baada ya duru 20 watatakiwa zaidi ya 10,000,000. Watu hao hawapo. Hata mwenye chama awe na moyo mwema namna gani, hesabu yenyewe imekwisha kumshinda. Wa kwanza hulipwa kweli, nao ndio wanaokwenda kuwashuhudia wengine msikitini na kanisani, bila kujua kwamba wamelipwa fedha za jirani zao.

Mahali pa kuuliza habari za vyama hivyo ni Benki Kuu ya Tanzania, yenye matawi Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Hapa tuwe waangalifu, maana wezi huonyesha cheti cha BRELA kilichotiwa katika fremu ya kioo. Cheti hicho chaonyesha tu kwamba jina la kampuni limeandikishwa. Mtu aweza kuandikisha kampuni ya kuuza viatu, kisha akapokea akiba za watu. Ruhusa ya kupokea amana au kukopesha ni jambo jingine, na hutolewa chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Basi usiulize, “Mmeandikishwa?” Uliza, “Leseni ya Benki Kuu iko wapi, na namba yake ni ipi?” kisha upeleke namba hiyo Benki Kuu.

Vivyo hivyo kwa mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huchukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na siku akichelewa huwaandikia wakwe na viongozi wake wa dini kumtangaza. Mwenye shitaka juu ya benki au mkopeshaji mwenye leseni, alipeleke kwanza kwa huyo mwenyewe kwa maandishi, abaki na nakala. Asiporidhika na jibu, ndipo aende Benki Kuu.

Tumesema mengi juu ya simu, lakini ulaghai wa zamani nao haujafa. Mkulima aliyeuziwa mbegu za uongo hupoteza zaidi ya fedha, kwa maana mvua haitarudi kumngoja. Mbegu zilizothibitishwa huwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu iliyoko Morogoro, nayo lebo hiyo ina mahali pa kukwangua ili mnunuzi aihakiki kwa simu. Ikwangue ungali dukani, si shambani. Tena usitupe mfuko. Tunza mfuko, risiti, na konzi moja ya mbegu, kwani pasipo vitu hivyo ni vigumu kumshitaki mwenye duka. Kwa dawa za wadudu wahusika ni TPHPA, Arusha. Kwa mbolea ni TFRA. Kwa dawa za binadamu ni TMDA. Kwa vyakula na bidhaa zisizofikia viwango ni TBS. Na kwa bidhaa zilizoigizwa alama za wengine ni Tume ya Ushindani, yaani FCC.

Na lumbesa je? Mnunuzi aja na gunia aliloliongezea kichwa kwa kamba na majani, anunua kwa bei ya gunia moja, naye aondoka na kilo 130 au zaidi. Sheria ya vipimo yakataza gunia la mazao kupita kilo 100. Wakala wa Vipimo ana ofisi katika mikoa, na mizani ya biashara hupimwa na kutiwa alama yake kila mwaka. Muuzaji ana haki ya kutaka aione alama hiyo kabla gunia halijapandishwa. Wakulima hujibu kwamba mnunuzi akiulizwa hivyo huenda zake kijiji cha pili, na hatuwezi kusema hawana haki. Ndiyo sababu mahali ambapo wauzaji wamekubaliana wote kuuza katika kituo kimoja chenye mizani, lumbesa imepungua. Palipo na mtu mmoja mmoja barabarani, imebaki.

Wasomaji wetu walio na jamaa Kenya watambue kwamba huko namba ni nyingine: mteja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa ulaghai kwa 333, nayo pia ni bure.

Mtu asiyejua kusoma, au aliye mbali na kituo cha polisi, aanze kwa afisa mtendaji wa kijiji, aliye na wajibu wa kumwandikia barua ya kwenda nayo kituoni. Lakini barua hiyo isimcheleweshe kupiga 100. Aombe simu ya jirani ikiwa yake imezimika, ataje namba yake, namba iliyopokea, saa na kiasi, kisha ndipo amtafute mtendaji.